Vipimo vya Mikono

Mwaka jana kiwanda kilinunua glavu mia tatu,
zote saizi ya mwanamume wa kubeba magunia.
Zilikuwa bei rahisi, alisema mhasibu.
Zikapanda Newala juu ya lori la chumvi,
nikazipanga stoo, nikatia tiki,
nikajiona nimemaliza kazi.

Kufikia Ijumaa wabanguaji walikuwa wamezikata ncha.
"Bi Stoo," aliniambia Somoe Likwata,
"mimi korosho naiona kwa vidole, si kwa macho.
Ukinivika gunia nitaivunja,
na ya vipande unajua inavyolipwa."
Basi vidole vikachungulia nje, vyeusi ncha,
na mafuta ya ganda hayapigi hodi.

Wengine walijiletea za kitambaa, nyeupe,
zile za kupokelea maharusi.
Nikasema afadhali.
Nilikosea. Kitambaa hunywa,
na kikishakunywa hakitemi:
kinakukumbatisha moto kutwa nzima
nawe unadhani umevaa.

Mimi sikuwa na haki ya kukosea hapo.
Mama yangu alibangua kwa kirungu na jiwe, Kitangari,
majivu huku, mafuta ya nyonyo huku,
akatusomesha watatu.
Siku ya kusajili laini ya simu
aliweka dole gumba, mashine ikakataa.
Cha shahada. Cha kati. Vyote kumi.
Kijana akamwambia afute mikono.
Mama akaifuta kwa khanga, akaifuta tena,
akaifuta kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.
Laini ikasajiliwa kwa jina langu.

Mwaka huu nilichana maboksi ya sabuni,
nikaita mmoja mmoja: weka mkono hapa, tanua,
nikauzungushia penseli.
Mikono mia moja arobaini na miwili.
Bi Asumini: mfupi, mpana, kidole cha mwisho kimepinda.
Somoe: mwembamba, mrefu, ungedhani wa mshona taji.
Zubeda alikataa, eti kivuli cha mkono hakiachwi kwa mtu;
akaja jioni, peke yake, akasema fanya haraka.
Nikambebea mhasibu rundo zima.
Akauliza, hii nini?
Nikamwambia: oda. Na ziwe za mpira, zisizonywa.

Sasa kabla ya king'ora
kila mmoja huipuliza glavu yake kama puto,
huibana shingo, huisogeza shavuni.
Upepo ukikubusu, rudisha.
Hapo kicheko, na maneno ambayo sitayaandika.
Kuvua nako tumejifunza upya:
shika ukingoni, ichune kama ngozi ya sungura,
uchafu ugeukie ndani.
Na usiigeuze ya kushoto ukaivaa kulia.
Najua, ya kulia hutangulia kufa;
njoo dirishani nikupe nyingine, sikukati mshahara.
Na miwani ni ya machoni, Zubeda, si ya kubania nywele.
Ganda hurusha tone lake bila kulenga
na hupata.

Si wote walionielewa.
Bi Asumini bado hupaka majivu juu ya glavu,
kwa heshima, anasema, ya majivu.
Nimemwachia.

Jumapili nilishuka Kitangari
na kipande cha boksi kilichosalia.
Mama hajabangua mwaka wa tisa huu.
Alicheka: "Glavu za nini mimi, za kuchumia mbaazi?"
Lakini aliuweka mkono, akautanua.
Nikazungusha penseli polepole,
nikipita kila kidole ambacho mashine haikukijua.

Saizi saba.
Nimeiandika kwenye daftari la stoo,
mstari wa mia moja arobaini na tatu,
jina lake kamili.